Niliwavisha Kuku, Nikajisahau

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. Nilikuwa nimeegemeza baiskeli ukutani, natoka kwenda kuoga, kopo mkononi, naye yuko uani anapepeta mchele. Akanitazama ninavyotembea, miguu imeachana kama mtu anayevuka tope, akautua ungo chini.

"Baba Watoto," akasema, "jandoni umerudi lini?"

Nikacheka. Mwanamume akiulizwa hivyo asipocheka, ataulizwa la pili. Lakini nilipojimwagia maji ya kwanza nilishika nguzo ya bafu kwa mikono miwili, kwa maana yaliyofika mapajani yaliwaka kama nimejipaka pilipili kichaa.

Mimi ni mchuuzi wa kuku. Nanunua kuku wa kienyeji Ngarambe na vitongoji vyake, nawapakia kwenye matenga mawili niliyoyafunga kwenye keria ya Phoenix yangu, nalala Utete, na asubuhi nakata kwenda Nyamwage kwenye lami ya Kilwa. Kutoka hapo navuka Daraja la Mkapa mpaka Ikwiriri, wanakosubiri wenye magari ya kupeleka Dar es Salaam. Wengi wanaijua Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale na maji yake, yale yaliyosemwa kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani zisimdhuru mtu. Wakamnyonga Mohoro, Agosti 1905. Sisi tuliozaliwa huku tunaijua pia kwa ufuta, kwa tembo wanaotoka hifadhini usiku kuja kuvuna wasichopanda, kwa mbung'o, na kwa mchanga. Mchanga wa njia ya kwetu unameza tairi mpaka rimu. Ukitaka usianguke, usiinuke kwenye siti. Kaa, kandamiza, kanyaga pedeli polepole. Yaani njia yenyewe inakulazimisha ukae pale pale panapouma.

Zamani safari hii tuliifanya usiku. Kuku hatoki jasho, hana hata tone. Joto lake analitoa kwa kuhema. Ukimwona ameacha mdomo wazi na mabawa ameyaachanisha na mbavu, una muda mfupi sana. Kwa hiyo tulikuwa tunaondoka saa nane za usiku, na jua likichomoza tuko mbali. Ikaja 2017. Mauaji ya mwaka ule sitayarudia hapa, kila nyumba ya Kibiti na Rufiji ina lake. Itoshe kusema kwamba polisi walipiga marufuku bodaboda kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na hata kama baiskeli haikutajwa, nani angethubutu kukutwa njiani usiku peke yake, amevaa sweta lenye kofia? Mimi nilikuwa nalo sweta hilo. Nililigawa.

Tukahamia mchana. Na hapo ndipo nilipojionyesha kuwa mtaalamu, kwa upande mmoja tu.

Kuku wangu walikuwa wanasafiri kama wageni wa harusi. Matenga nilisuka ya fito zilizoachana ili upepo upite. Juu niliweka gunia la katani lililoloweshwa, na kila kijiji chenye kisima nililowesha tena. Sikuzidisha kuku 14 kwa tenga. Saa za jua kali niliwashusha chini ya mwembe, nikawapa maji kwenye kifuu, nikawapepea. Watu wakisema, huyu bwana anajua kuku.

Mimi mwenyewe nilivaa nini? Jinzi ya mtumba, buluu, nzito kama turubai. Ndani chupi ya pamba. Juu jezi ya Chelsea, ambayo hata timu yenyewe siipendi, ila ilikuwa bado haijachanika. Miguuni raba. Kichwani kofia ya kusalia, ambayo ni sunna lakini haina kivuli. Nilivaa hivyo kwa sababu jinzi ni suruali ya kazi, ndivyo nilivyoamini. Kitu kigumu kwa kazi ngumu.

Sasa nieleze vizuri jambo hili, maana nimelichunguza kuliko daktari. Jinzi ina mahali, chini kabisa, ambapo mishono minne inakutana: wa mbele, wa nyuma, na ile ya ndani ya mapaja. Kila mshono umekunjwa na kushonwa mara mbili. Ikikutana yote inafanya fundo, gumu kama mbegu ya ubuyu. Ukisimama huliwazi, linaning'inia tu. Ukikaa kwenye siti, uzito wako wote unalilalia. Halafu unaanza kukanyaga pedeli. Kila mzunguko paja la kulia linapita hapo mara moja na la kushoto mara moja, maelfu ya mara kabla hujaiona Utete. Na jasho nalo limeshuka mgongoni, chupi ya pamba imelinyonya na haitaki kuliachia, ngozi imelowa na kulainika kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Ngozi ya hivyo haina ubishi. Inakwanguka kama nazi kwenye mbuzi. Jasho likikauka linaacha chumvi, ile unayoiona imechora mistari myeupe kwenye suruali, na ile chumvi nayo inafanya kazi ya msasa.

Nilivumilia. Wanaume wa kwetu tumefunzwa kwamba maumivu ya sehemu zile hayana jina. Bega likiuma utasema bega, kiuno kikiuma utasema kiuno. Hapo je, utasemaje, na utamwambia nani?

Baada ya lile neno la jando, mke wangu alinisukuma niende zahanati. Nikaenda. Nikakaa foleni toka asubuhi, na zamu yangu ilipofika nikamkuta muuguzi ni binti wa jirani, yule yule niliyekuwa nikimpeleka shule kwenye keria ya baiskeli akiwa darasa la kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba unasumbuliwa na nini?"

"Nahisi malaria."

Akanitoboa kidole, akasubiri, akasema hakuna vimelea. Nikamwambia labda imejificha. Akanitazama kidogo, naamini aliona kuna jambo, lakini na yeye ana adabu zake. Binti hawezi kumhoji baba wa mtaa. Nikaondoka na panado sita na aibu yangu nzima. Kosa lile ni langu, silisogezi kwa mtu.

Wiki iliyofuata nikapakia kuku 28. Mtaji wake ulikuwa mkopo wa mke wangu kutoka kikoba cha wanawake wenzake. Ilikuwa Novemba, vuli imechelewa, anga jeupe. Kufika Utete nilifika. Asubuhi yake nikashika njia ya Nyamwage, kilomita 33 hivi, wakati ule vumbi tupu, na kabla sijafika robo nilijua mwili umekataa. Kidonda cha kushoto kilikuwa kimevimba, kina moto wake wenyewe. Nikainuka kusimama juu ya pedeli. Mchanga ukaniyumbisha, nikaanguka na tenga moja. Nikainua. Nikakaa upande, paja moja. Nikashuka, nikasukuma. Ukisukuma baiskeli yenye kuku 28 huku miguu imeachana, unakwenda mwendo wa bibi harusi. Saa nne ikanikuta bado nasukuma, saa tano, saa sita. Kisima nilichokizoea kilikuwa mbele na mimi sifiki. Gunia likakauka. Niliwasikia kuku nyuma yangu wakihema, kile kisauti chao kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, halafu nikaanza kusikia kisauti kinapungua.

Walikufa 13. Niliwatoa mmoja mmoja nikawapanga kando ya njia chini ya mkorosho. Nyamafu haiuziki, na hata ingeuzika nisingeiuza. Nikakaa chini, kwa ubavu, kama anayekula karamu, nikalia. Sio kuku peke yao. Nilikuwa nafikiria lile daftari la kikoba, na jina la mke wangu ndani yake.

Dereva wa fuso la mbao akanipakia mimi, baiskeli na kuku 15 waliobaki. Mungu amlipe. Alinikalisha nyuma juu ya mbao, nami nikamwambia nitasimama. Hakuniuliza kwa nini.

Nyumbani nikalala na homa, safari hii homa ya kweli. Nikarudi zahanati, zamu ikiwa ya tabibu mwanaume, nikasema ukweli wote kwa mara moja bila kuvuta pumzi, nikapewa dawa za kumeza na kuambiwa nisipande baiskeli mpaka ngozi irudi. Mama yangu akaichukua kazi iliyobaki. Maji vuguvugu ya chumvi asubuhi na jioni, kukausha kwa kupepea na sio kwa kufuta, na kuanzia hapo msuli mtupu, bila kitu ndani, kama wali. Wali ndio vijana wa jandoni, kwa asiyejua. Alinipitishia msuli mlangoni bila kuingia, akasema, "Mwanangu, mtoto wa miaka saba tunamvika nguo isiyomgusa. Wewe mzee mzima umejivika kamba." Wiki tatu nikazunguka na msuli, na mke wangu akapata utani wa kutosha mwaka mzima.

Deni tulilipa kwa ufuta. Liliuma, likaisha, sitalieleza zaidi.

Nilipopona nilikuwa na uamuzi mmoja: sirudi barabarani na jinzi. Nikaenda kwa fundi cherehani mmoja pale Ikwiriri, anayeshona barazani, mzee wa maneno machache. Nikamweleza shida kwa kuzunguka sana, kama mshenga. Akasema lete hiyo suruali. Akaigeuza ndani nje, akaliona lile fundo, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii imeshonewa mtu wa kusimama," akasema. "Wewe unakaa na unatembea kwa wakati mmoja."

Tangu siku ile sijasikia maelezo mazuri zaidi ya kuendesha baiskeli. Alichofanya ni hiki: akachukua kitambaa chepesi cha kaki, akakata suruali pana kiasi, na pale chini badala ya kukutanisha mishono minne akaweka kipande kizima chenye umbo la mtumbwi, ncha moja mbele na ncha moja nyuma. Mishono ikahamia pembeni, ikashuka na mapaja mbali na siti. Ukipapasa katikati hukuti kitu, ni kitambaa tu. Mguu wa kulia akauwekea kifungo cha kubana chini ili cheni isiung'ate. Zamani nilikuwa nafunga kwa kipande cha tyubu, kikinibana mpaka mguu unakufa ganzi. Kwa shilingi elfu kumi na tano na maneno kumi na tano, nilipata suruali yangu ya kwanza maishani iliyoshonewa kazi ninayoifanya.

Nusu ya tatizo ikaondoka. Nusu iliyobaki nilifundishwa na vijana sita wa Dar es Salaam waliosimama Ikwiriri kunywa chai, wako njiani kwenda Kilwa kwa baiskeli zao nyembamba. Watu walizizunguka baiskeli. Mimi nilikuwa natazama wanavyokaa. Wametoka Dar jana yake, na wanakaa kwenye benchi la mbao, kwa makalio yote mawili, wanakula chapati! Nikamvuta mmoja pembeni.

Kijana hakucheka. "Kaka, siri ni bukta," akasema. Akanieleza kwamba ile bukta ya kubana ina sponji ndani, kipande kimoja kisicho na mshono katikati. Haivaliwi na chupi. Ukivaa chupi umeurudisha mshono ulioukimbia. Kitambaa chake kinalitoa jasho nje likauke, hakilihifadhi kama pamba. Kabla ya safari unajipaka mafuta ya mgando pale panaposuguana. Ukifika, unaivua hapo hapo, hukai nayo mbichi ukipiga soga. Unaifua kila siku na kuianika ndani nje juani. Akaniambia pia, na hili lilinifariji kuliko yote, kwamba hata wale wa Tour de France, mashindano yaliyoanza 1903, walikuwa wakivaa bukta za sufu zilizoshonewa ngozi laini ndani, na ngozi hiyo ikifuliwa ilikauka ikawa ngumu, wakawa wanailainisha kwa mafuta kabla ya kuivaa. Basi aibu yangu ilikuwa na wenzake, na wengine walipigwa picha za gazetini!

Bukta niliipata mnadani, kwenye rundo la mtumba. Muuzaji alikuwa haijui. Alilibonyeza lile sponji, akanitazama kwa upole, akadhani ni vazi la wagonjwa wasiozuia mkojo, naye kwa huruma akanipunguzia bei. Sikumsahihisha.

Bado kulikuwa na suala la heshima. Bukta inasitiri kuanzia kitovu hadi goti, ndiyo, lakini inachora kila kitu, na mimi ni mtu wa kusimama safu ya pili msikitini. Kwa hiyo bukta inakaa ndani, kaki ya fundi juu yake, na kwenye mfuko nabeba msuli safi wa sala. Nikifika Nyamwage adhuhuri navua yote, nakoga, navaa msuli, naswali, nakaa nao saa nzima ya jua kali wakati kuku wako kivulini. Ngozi inapumua. Mama alikuwa ameshanifundisha hilo bila kuijua Tour de France.

Lile la jezi ya buluu nilichelewa kulijua. Njia ya kwetu inapita pembezoni mwa pori, lile lililokuwa la Selous na ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mbung'o wake hawasomi mipaka. Sindano yao inapenya jezi kama haipo, hata jinzi ikibana gotini wanaitoboa. Nilidhani wananipenda kwa jasho. Askari wa wanyamapori wa jumuiya yetu ya Ngarambe na Tapika ndiye aliyenicheka: "Mjomba, umevaa mtego!" Akanieleza kwamba vile vitambaa vyenye dawa vinavyotundikwa porini kuwanasa mbung'o ni vya buluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta, hasa zikiwa zinatembea. Na mimi miaka yote: jinzi ya buluu, jezi ya buluu, natembea. Kumbe yeye na wenzake hawavai kaki kwa urembo. Sasa navaa shati la mikono mirefu, rangi ya majani makavu, pana, linaloingiza upepo kwapani. Mara ya kwanza nililivaa nikiogopa joto. Jua la saa tano likipiga kitambaa sio sawa na likipiga ngozi; ndio maana gunia la kuku nililiweka juu ya tenga. Nilikuwa nalijua jambo hili kwa kuku tangu zamani, sikuwahi kulihamisha likaja kwangu. Shingoni naweka kipande cha kanga ya mke wangu, nakilowesha kwenye visima vile vile. Kofia ya kusalia inakaa mfukoni na msuli. Kichwani navaa pama la ukindu, la kufungwa kidevuni.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, nilitazama kwenye banda la video pamoja na vijana. Wao walibishana nani atashinda. Mimi nilikuwa natazama mapaja. Mtu anakimbiza baiskeli vilima vile kwa saa sita, akishuka anatembea miguu imebana vizuri kabisa. Nilipiga makofi peke yangu, wakaniona nimechanganyikiwa.

Wiki mbili zilizopita, Utete, chini ya mwembe tunapopumzishia kuku, nilimkuta kijana mgeni kwenye kazi hii. Matenga mapya, gunia bichi juu, kuku wametulia. Yeye kavaa jinzi. Alikuwa amesimama, kashikilia mti, na kila nikimwambia karibu ukae kwenye mkeka anasema ahsante kaka, nanyoosha mgongo. Baadaye akaenda kisimani kuchota maji, nikamtazama anavyokwenda.

"Unaumwa, bwana mdogo?"

"Malaria tu, kaka. Itapita."

"Malaria hiyo naijua," nikamwambia. Nikatoa msuli wangu wa sala mfukoni, nikamrushia. "Kabadili huko nyuma ya nyumba, halafu niletee hiyo suruali nikuonyeshe ilipo."